Maharage Yangu Yote kwa Wafalme Wawili

Jumamosi ile, mwanangu, huwa naikumbuka kwanza kwa mlio wa maksai, halafu ndiyo karata zinafuata. Alikuwa amefungwa nje ya karakana ya shamba la ngano, upande wa Basotu. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe begani, ameshafundishwa kulima. Kila alipolia, mimi ndani nilitikisa goti chini ya meza. Jirani yangu akaniambia nitulie, maharage yanadondoka. Nikatulia labda kwa pumzi tatu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya maneno uliyosema jana ukiwa umeinamia simu yako. Ulitolewa kwenye mashindano ya pokeri saa ya kwanza tu, ukaitupa simu kitandani, ukasema, "Lakini baba, hesabu ilikuwa upande wangu." Nilitoka nikaenda kukagua zizi ambalo nilikuwa nimelikagua muda si mrefu. Mama yako akadhani nimekasirika. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu, maana maneno hayo ni yangu. Niliyasema kabla wewe hujazaliwa, na nyumba hii ililipia msimu mzima.

Kipindi kile watu walikuwa wameanza kusema kwamba tutakatwa kutoka Arusha tuwe na mkoa wetu. Sisi wa shambani tulikuwa na letu la kusubiri, kama shamba litapata mwenyewe mpya au la. Nilikuwa nimeendesha kombaini miaka sita. Tukapunguzwa kazi, nami nikiwa kati ya wa kwanza, nikarudi hapa Gendabi kwenye ekari nne za babu yako. Mtu aliyezoea kukaa juu ya kombaini akiangalia ngano mpaka macho yanakoma, umrudishe kwenye ekari nne, hakai. Nilikuwa nazunguka. Nilirekebisha uzio ambao haukuharibika.

Na nilikuwa na maksai mmoja. Mwenzake alikufa kiangazi, tumbo lilivimba tukashindwa. Wewe umekuta trekta la kukodi, hujui shida ya maksai mmoja. Plau inavutwa na wawili. Ukiwa na mmoja unampeleka kwa jirani akafungwe nira na wa kwake, shamba la jirani linalimwa kwanza, wewe unakaa ukihesabu siku za mvua zinavyopita. Na mwaka ule mama yako alikuwa na mimba ya dada yako. Nilimtaka yule maksai mwekundu kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Ngoja, nimeruka. Sijakuambia karata zilitoka wapi. Wazungu waliotufundisha kombaini ndio waliotufundisha pokeri, siku za mvua ambazo ngano haivuniki. Wao wakaondoka, karata zikabaki. Tulichezea maharage. Tulipopunguzwa, tukaamua kufanya mashindano ya kuagana, watu wanane, waliotoka na waliobaki. Kila mmoja akatoa magunia mawili ya ngano, yakauzwa, akanunuliwa maksai kwenye mnada wa Katesh. Kila mchezaji akapewa maharage mia. Yakikuishia unainuka, hakuna kuongezewa. Atakayebaki peke yake mezani anaondoka na maksai.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kizamani, siyo huo wa kwenye simu yako. Unapewa karata tano, unabadilisha chache mara moja, kisha mnawekeana dau. Usipotaka kufuata dau unatupa karata zako, unasubiri mgao mwingine. Lakini kusubiri nako kulikuwa kunakula. Kabla ya kila mgao kila mtu anaweka harage moja mezani, na kila saa ikipita idadi hiyo inakuwa mara mbili. Moja, mawili, manne, manane. Shika hapo, tutaparudia.

Kulikuwa na mama mmoja mezani, Mama Vero, mtunza stoo ya spea, mtu wa Bukoba aliyeletwa kwetu na kazi. Alivaa sweta la kijivu mwaka mzima. Alikuwa anatupa karata zake mgao baada ya mgao mpaka tukawa tunamtania. Fundi wa kuchomelea, Damiani, akamuuliza, "Mama, umekuja kucheza au kupumzika?"

"Nimekuja kukaa," akasema.

Mimi ndiye nilikuwa mchezaji mkali kuliko wote pale, na sijisifu, hata Damiani mwenyewe angekuambia. Niliwajua watu. Huyu akiwa na karata nzuri anakohoa, yule anauliza saa. Kufika saa ya pili wawili walikuwa wameshainuka, na mimi nilikuwa na maharage mia na sitini. Hakuna kilichokuwa kinanifukuza. Nilikuwa nalipa mawili tu kila mgao.

Hapo ndipo Damiani alipobadilisha karata zake, akaziangalia, akasukuma maharage yake yote katikati. Alikuwa nayo mengi kuliko mimi, kwa hiyo kumfuata maana yake ilikuwa kuweka yangu yote. Wengine wakatupa. Mimi mkononi nilikuwa na wafalme wawili, karata nzuri lakini si ya kutisha. Nikamwangalia Damiani. Alikuwa anakuna sikio. Nilikuwa nimecheza naye miaka mingi, na nilijua akikuna sikio huku anasukuma yote, zaidi kidogo ya nusu ya mara anatishia tu, hana kitu. Kidogo, mwanangu. Tungerudia mgao ule mara mia, mimi ningeshinda hamsini na tano hivi. Na katikati ya meza, ukiacha hayo ya Damiani, kulikuwa na maharage kumi na mawili tu ya kugombea.

Ningeweza kutupa. Ningebaki na maharage yangu yale yale, na kiti changu, na watu wote wale ninaowajua kama kiganja changu.

Maksai akalia. Nikageuka kutazama mlangoni, nikaona wingu limeshika kichwa cha Mlima Hanang, zito, la mvua ya kwanza. Miguu ikaanza kuniwasha kwa ndani, hivi ninavyokuambia. Nikasema, "Nafuata."

Damiani akafunua saba tatu, zinazopiga wafalme wawili. Uso wake ulikuwa na huruma kabisa. "Pole, Bura," akaniambia. "Sikio lilikuwa linawasha kweli."

Walicheka, na mimi nilicheka nao kwa sababu mwanaume huwezi kulia mbele ya mafundi. Nikatoka nje nikasimama karibu na maksai. Alinilamba mkono kama mtu anayekujua. Nikaona ekari nne za babu yako, nikamwona mama yako na tumbo lake.

Baadaye wakapumzika kunywa chai, Mama Vero akaja na kikombe chake tukasimama pamoja. Nikamwambia, "Mama, hesabu ilikuwa upande wangu." Nilitaka anihurumie. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi, na kila asubuhi kwa miaka sita nilimwambia shikamoo kwenye dirisha la stoo.

"Ilikuwa upande wako," akakubali. "Sasa niambie. Mikanda ya kombaini ikiwa kumi kwenye rafu, unakuja unaniambia wako unapiga kelele, pengine umeanza kulegea. Nakufanyaje?"

"Unanipa."

"Ukibaki mmoja, katikati ya mavuno, kombaini nne ziko shambani, unakuja na pengine hiyo hiyo?"

"Unanifukuza," nikasema. Maana alishanifukuza, zaidi ya mara moja.

"Mkanda ni ule ule, na pengine ni ile ile. Kilichobadilika ni rafu." Akanywa chai. "Wewe leo uliuchukua mkanda wa mwisho ukaufunga kwenye mashine ambayo ilikuwa inatembea. Wale ulikuwa unawajua wote. Ungekaa, kabla ya jioni wangekuletea wenyewe nafasi ya themanini kwa mia. Umekimbilia hamsini na tano ya nini, baba?"

Nilikasirika. Nilikuwa kijana na nilikuwa nimeshindwa, na maneno yake yaliingia palipokuwa panauma. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia basi yeye akae, akae mpaka manane yaje yamle mzima, tuone kama maksai atamfuata stoo. Kumjibu mtu mzima vile kwetu ni kosa, na bado linaniuma kuliko wafalme wale wawili.

Hakunikaripia. Alisema tu, polepole, "Mwaka fulani nilikataa kutoa mkanda wa mwisho. Kila aliyekuja nikamwambia shida yako bado ndogo. Kombaini ikasimama kweli, nikaenda kuutoa, nikakuta mpira umekauka, umepasuka kwenye rafu. Ngano ikanyeshewa. Kwa hiyo usinifundishe kukaa, Bura. Kukaa nakujua pande zote mbili." Akamwaga masalio ya chai, akarudi ndani.

Ningeondoka pale. Sikuweza. Nilisimama mlangoni, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena.

Saa ya nne ikaingia, kila mtu analipa manane kabla ya karata. Mama Vero alikuwa amebakiwa na maharage ishirini na mawili. Hesabu mwenyewe, migao miwili, wa tatu hatoshi kulipa. Akapewa karata, akabadilisha tatu, akatazama. Mtu mmoja mbele yake akaweka dau. Yule mama aliyekuja kukaa akasukuma yote kwa mkono mmoja, kama anayefuta meza. Akafunua tisa mbili. Tisa mbili, mwanangu, karata ndogo kuliko zangu. Mwenzake alikuwa na nane mbili.

Nilimuuliza baadaye alionaje. Akasema aliona ni nusu kwa nusu na kichele, labda chini ya ile yangu niliyoipata kwa Damiani. "Lakini mashine yangu ilikuwa inasimama," akasema. "Ningengoja nzuri zaidi, ningeingojea nikiwa nje na wewe."

Baada ya hapo karata zilimpenda, sitakudanganya. Bahati ilikuwepo. Lakini ilimkuta bado kwenye kiti. Jua likiwa bado juu ya mashamba, Damiani akaweka mezani maharage yake ya mwisho, na Mama Vero akatoka kumfungua maksai.

Nilimfuata nikamwomba msamaha, kisha, bila hata kupumzika, nikamwomba nikodi maksai wake. Alikuwa na ekari mbili nyuma ya nyumba za wafanyakazi. "Mlete wa kwako," akasema. "Tunaanza kwangu."

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilikuwa nyuma ya plau kwenye ekari za Mama Vero. Udongo ulikuwa umelainika, unakatika vizuri, na maksai wangu alikuwa amefungwa nira na yule mwekundu, wanavutana sawasawa kama ndugu. Kila mfereji niliokata pale nilijua unapaswa kuwa wa Gendabi. Nilipomaliza nikawaleta wote wawili nyumbani, mvua za mwanzo zilikuwa zimeshapita. Nilipanda nimechelewa. Majirani walivuna vizuri, mimi nikapata magunia matatu kwa ekari nne. Kabla dada yako hajaanza kutambaa, nilikwenda kwa mjomba wako kule Masieda na gunia tupu begani, kuomba mahindi. Alinijazia, hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Mama yako nilimwambia karata zilikuwa mbaya siku ile. Nimeishi na uongo huo miaka yote. Leo asubuhi, baada ya maneno yako ya jana, nimemwambia ukweli, kwamba nilikuwa na wafalme wawili na nafasi ya kungoja, nikakimbia. Aliendelea kuchambua maharage yake. Akasema alijua tangu mwaka ule, Damiani alimwambia. "Na sikushangaa," akasema. "Hata kanisani siku ya harusi ulikuwa unatikisa goti."

Basi sikiliza ninachotaka kukuambia. Sisemi uogope nafasi ndogo. Anayezikataa zote ataisha kidogo kidogo huku anajiona mwenye busara, na mkanda wake utapasuka kwenye rafu. Ninachosema ni kwamba ukiona nafasi inakuegemea kidogo, usiishie kuuliza inakuegemea kiasi gani. Tazama una nini cha kubaki nacho ikienda vibaya. Tazama kungoja kunakula kiasi gani, mawili au manane. Na kama kungoja hakukuli, na waliokaa mezani unawajua, na nafasi nzuri zaidi ziko njiani, tupa karata zako, hata kama ni wafalme. Si woga huo. Maharage yako ya mwisho yana kazi kubwa kuliko yale utakayoongeza, kwa sababu hayo ndiyo yanayokupa kiti.

Na kuna la mwisho, ambalo Mama Vero aliniuliza pale nje. Alisema nimekimbilia nini. Nimechukua miaka mingi kulipata jibu. Sikukimbilia kitu. Nilikuwa nakimbia kukaa. Hesabu niliiita baadaye, iwe shahidi wangu. Kwa hiyo siku nyingine kabla hujasukuma yote, iwe maharage, iwe shamba, iwe maisha yako na ya mke utakayemwoa, tazama kwanza chini ya meza uone miguu yako inafanya nini.

Mungu akupe karata za wastani na macho ya kuzisoma, kiti chako kisitolewe mapema, na mvua yako ya kwanza ikukute kwenye shamba lako mwenyewe. Yote niliyo nayo utarithi, mwanangu, ila namwomba akunyime hili goti.