Siku Nilipowaambia Mbwa Wakae

Mjomba alikuwa amelala kitandani mwangu. Naanzia hapo kwa sababu watu wa mtaa wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye keki, na ukianzia kwenye keki mimi naonekana mjinga.

Kitanda changu kiko sebuleni, nyuma ya pazia, katika nyumba yetu ya kaunsili hapa Kaloleni, Nairobi. Mjomba alipokuja kutoka Magharibi ya Kenya kutafuta kazi, mathe, yaani mama yangu, alimpa kitanda hicho kwa siku mbili tatu. Mimi nikapewa mkeka chini ya meza, mahali ambapo kila anayekula ugali hunikanyaga na haombi radhi. Siku mbili tatu zikazaa miezi. Mjomba hukoroma kama garimoshi la mizigo linalopanda mlima. Baba, ambaye ni mtu wa reli, husema garimoshi lina afadhali, lina ratiba.

Kazi alipata, lakini ya kibarua. Kule nyumba za mtaa zinakokwisha kuna shamba la daktari mmoja wa mifugo, na hapo matajiri huacha mbwa wao wakienda likizo Mombasa. Ndiyo, mbwa wana hoteli. Wanalazwa, wanaogeshwa, wanapewa nyama kila siku. Nilipowaeleza wenzangu shuleni, mmoja aliuliza kama watu pia wanachukuliwa.

Sasa, bosi, yule daktari, alikuwa amemwahidi mjomba kwamba likizo ya Pasaka ikiisha bila mwenye mbwa yeyote kulalamika, ataandikwa. Kuandikwa maana yake ni mshahara wa mwezi na chumba palepale shambani. Chumba maana yake ni kitanda changu. Sijui kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kumwombea mjomba wake kanisani kama nilivyoomba mimi Pasaka ile.

Jumamosi ya mwisho nilienda kumsaidia. Alikuwa amebakisha mteja mmoja tu, bibi mzungu ambaye angekuja mchana kuchukua mbwa wake watatu: mkubwa mwekundu mwenye nguvu za punda, wa pili wa madoadoa, na kadogo ka manyoya ambako ukikatazama hujui kichwa kiko upande gani. Mjomba aliwaogesha kwa sabuni mpaka wakanukia kama mwalimu mkuu. Kisha akanikabidhi kamba zote tatu.

"Watembeze njiani wakauke. Wasiguse tope. Wakikusumbua, waambie siti."

"Siti? Kwani wanapanda basi?"

"Waambie siti, nimesema. Hawa hawajui Kiswahili."

"Mbwa azaliwe Nairobi asijue Kiswahili? Huyo ni mbwa wa aina gani, mjomba?"

"Ni mbwa wa kuniandikisha kazi," alisema. "Enda polepole."

Hatukwenda polepole. Mkubwa alitaka mbele, madoadoa alitaka mtaro, na kale kadogo kalikuwa kakinizunguka miguu kwa kamba kama fundi anayefunga mzigo. Nikaona heri niwafundishe lugha ya taifa mara moja, tumalizane. Nikasimama kama mwalimu wa zamu, nikainua kidole.

"Kaa."

Masikio yote yakasimama. Wakanitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuonyeshwa na kiumbe mwingine, mathe akiwemo. Nikajisemea, unaona, ni kuelezwa tu. Nikarudia kwa sauti ya juu ili somo liingie.

"Kaa! Kaa!"

Nilichoona baada ya hapo ni ardhi, na niliiona kwa karibu. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila dimbwi la njia ile nililipitia kwa tumbo, nikiwa bado nimeshika kamba, nikipiga kelele kwa bidii: kaa, kaa, kaa. Kadiri nilivyowaambia wakae ndivyo walivyozidi mbio.

Kando ya njia palikuwa pamesimama gari jeupe lililofungwa riboni, likielekea harusini. Injini ilikuwa imechemka, dereva akiongeza maji kwenye rejeta. Milango yote ilikuwa wazi ipitishe hewa. Kwenye kiti cha nyuma alikaa shangazi wa bibi harusi, mama mkubwa wa mwili aliyevaa kofia ya zambarau, amepakata keki.

Wakaingia. Wote watatu, na tope lao. Mkubwa akashika kiti cha mbele, madoadoa akabanana na shangazi, kale kadogo kakapanda kwenye keki na kuanza kulamba kona moja.

Shangazi hakupiga kelele. Aliniangalia nikiwa nimepiga magoti kwenye dimbwi.

"Kijana, hawa wamealikwa na upande gani? Wa bibi au wa bwana?"

Ndipo nikakumbuka maagizo. "Siti," nikaita. "Siti!"

"Siti zimejaa," akasema shangazi.

Nao kweli walikuwa wamekaa. Hilo siwezi kuwanyima. Walikaa wima kabisa, wakitazama mbele, wakisubiri dereva.

Mjomba alifika mbio, sabuni bado mikononi. Alimvuta mkubwa kwa mlango huu, akaingia kwa ule. Tukamtoa madoadoa, mkubwa akamfungulia nafasi arudi. Dereva alisema yeye aliambiwa abebe shangazi na keki, hakuambiwa habari ya mifugo. Mjomba akaanza kuwabembeleza mbwa kwa Kiluhya, lugha ambayo hutumia akizidiwa.

Ndipo tukasikia injini nyingine. Bibi mzungu alikuwa amewahi. Alisimamisha gari lake dogo la bluu, akashuka, akawatazama mbwa wake waliooga wakiwa na rangi ya udongo. Alifungua mlango wa nyuma wa gari lake, akapiga makofi, akaita kwa sauti tamu:

"Kaa!"

Wakatoka kama risasi, wakarukia ndani, wakakaa.

Mjomba alinigeukia taratibu.

"Amewaambia nini?"

"Gari," nikasema. Nilikuwa nimeelewa sekunde hiyo hiyo, na sikufurahia kuelewa. "Kaa ni gari, mjomba. Kwa Kiingereza."

"Wewe uko kidato cha ngapi?"

"Cha pili."

"Na Kiingereza mnafundishwa?"

Shangazi alikata kipande cha keki pale palipolambwa, akakitupa mtaroni, akageuza upande mzima mbele. "Harusini watu hawaangalii nyuma ya keki," akamwambia dereva. "Washa, twende."

Bibi mzungu yeye alipitia kwa bosi kumwonyesha viti vya gari lake vilivyojaa tope. Bosi hakumfukuza mjomba. Alimwambia tu mambo ya kuandikwa tutayaangalia likizo ya Agosti.

Jioni ile mjomba aliingia nyumbani, akavuta pazia, akajitupa kitandani mwangu na viatu vyake. Mathe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama kutoka nywele hadi vidole. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Kaa hapo," akasema.

Mimi, kabla sijakaa, nilichungulia kwanza dirishani nione kama kuna gari.