Vasemaca wa Kitanda cha Nne

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. La, nakosea, ilikuwa tisini na tatu, maana kimbunga kilikuwa kimeshabomoa daraja la mto Ba na magimbi yamepanda bei hata huku kwetu Suva, mji mkuu wa Fiji. Mwisho wa mwaka basi, wakati wanafunzi wa udaktari wanapofanya mitihani na kukonda kama walioachwa.

Binamu yangu Vasemaca, msuka mikeka, alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Alianza kuumwa koo na homa, halafu magoti yakavimba, halafu viwiko. Wazee wakasema mtoto anakua. Kumbe homa ile ilikuwa inamkaza valvu ya moyo. Alipokuwa mtu mzima moyo ukawa unanguruma, na madaktari wakaupenda mngurumo ule. Kila mwaka walimwita alale kitanda cha nne, wanafunzi wamsikilize mmoja mmoja na kuutaja ugonjwa. Mgonjwa alikatazwa kusema neno. Mwanafunzi naye haruhusiwi kuuliza, achunguze tu.

Mwaka ule Vasemaca alilishika sharti kuliko mitihani yote. Wapasuaji wa moyo walikuwa wanakuja kutoka Australia, na nafasi zilikuwa chache.

"Wakubwa hawa wa mtihani ndio watakaochagua wagonjwa," aliniambia. "Nisiwaharibie kazi yao, nao wasinisahau."

Nilikwenda naye ili nimgeuze ubavu wa kushoto, maana mngurumo husikika vizuri mtu akilala hivyo. Kwetu mabinamu kama sisi ni watani, hatuoneani haya.

"Geuka, we gogo."

"Gogo mwenyewe. Taratibu, Nemani! Unanuka kava, umeshaanza kunywa asubuhi yote hii?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipoitoa leso mdomoni niliona damu, nyekundu, ina povu.

"Waambie," nikasema.

"Mtihani ukiisha."

"Sasa hivi, Vase!"

"Nyamaza. Ukinikosesha nafasi, nitakusimanga mpaka ndani ya jeneza lako."

Sikumsikiliza, nikamfuata muuguzi mlangoni. Akaweka kidole mdomoni. "Mzee, mtihani umeanza. Rudi ukae."

Wakaingia mmoja baada ya mwingine, mikono baridi. Mapigo hayaendi sawa, wakasema. Valvu ya upande wa kushoto imekaza, chanzo chake homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mashavu ni mekundu. Hapo Vasemaca alinikonyeza, maana alikuwa mweusi kama chungu. Wekundu ule ulikuja na kitabu cha Wazungu, na mtahini akatikisa kichwa kukubali.

Wa mwisho alikuwa binti wa kutoka visiwa vya Lau, jina lake Ulamila. Yeye peke yake alimtazama usoni kabla ya kifuani. Akaona anavyohema, akaona mkono uliofichwa chini ya shuka.

"Shangazi, leo u..."

"Hapa huulizi," mtahini akamkata. "Endelea. Hatari za ugonjwa huu ni zipi?"

Binti akajibu. "Maji kujaa mapafuni. Kukohoa damu. Damu kuganda ndani ya moyo, na donge kukimbilia ubongoni."

"Vizuri sana."

Vasemaca aliyasikia yote, leso ameifumbata kiganjani kama kitu cha wizi.

Walipomaliza nikampa gauni avae. Mkono wa kulia ukakataa kuingia. Mdomo ukaning'inia upande. Macho yake yalikuwa na utani, naapa, alitaka kunitukana, lakini maneno yakatoka kama uji. Hapo ndipo madaktari walipokimbia kuja. Sijaona tena madaktari wengi vile kwenye chumba kimoja.

Alikufa Jumapili. Wapasuaji waliwasili wiki iliyofuata, na nafasi yake, kama alikuwa nayo, akapewa mwingine.

Mtahini alikuja msibani, akakaa juu ya mkeka uliosukwa na marehemu. Mimi nikafanya kazi ya mtani. Nikamwambia Vasemaca ainuke aone jinsi alivyokonda, gogo limekuwa kijiti. Watu wakacheka huku wanalia. Kisha nikasogea karibu na yule mkubwa, nikamwuliza kwa upole. Akainuka kwenda kuwapa pole wazee. Baadaye nikamwuliza muuguzi, nikamwuliza hata Ulamila alipokwisha kuwa daktari, naye akanishika mkono tu, akaenda zake. Nilitaka kujua hili: yule binti angeachwa amalize kusema, "Shangazi, leo umeamkaje?", angefeli?