Neno la Asubuhi

Nilikuwa nakaanga mandazi sokoni Kakuma, Machi 2013, kaka yangu Lomenen aliponipigia simu kutoka Lodwar.

"Helen, keti kwanza."

Sikuketi.

"Dada yetu Akal ametutoka. Ni malaria."

Mandazi yakaungua. Jirani yangu Adau akaja akaepua karai bila kuuliza kitu. Mimi nilikuwa namfikiria Ethuro, mwana wa Akal, anayeendesha bodaboda hapa hapa Kakuma. Nani angemwambia kama si mimi?

Akal alifiwa na mume mapema, akalea watoto watatu kwa kusuka vikapu vya mkoma na kufuga mbuzi wachache. Hakuwa mtu wa fimbo. Mtoto akimuudhi au akidai kitu, alimpa chakula kama wengine, kisha akasema, "Hilo ni la asubuhi." Kesho yake, mbuzi wakishatoka zizini, alimwita wakakaa wawili tu. Hapo alisema ndiyo au hapana, na hapana yake haikubadilika hata ukilia. Aliwahi kuniambia, "Nikiongea jioni, ni hasira inaongea. Wacha nisali, nilale, ndipo niongee mimi."

Mwaka 2012 Ethuro alitaka mbuzi wote wauzwe anunue pikipiki. Alidai jibu jioni hiyo hiyo, mbele ya marafiki zake.

"Hilo ni la asubuhi, Ethuro. Kula."

"Wamama wengine wanachapa, wewe unaahirisha tu kama korti!"

Marafiki wakacheka. Hata Akal alicheka kidogo. Lakini Ethuro hakugusa chakula. Alipanda lori la Kakuma, na asubuhi Akal akakaa peke yake kando ya zizi.

Hakumfuata. "Nikimfuata leo, kesho atajua hapana yangu ni ya mchezo," alisema. Ila kila nilipofika Lodwar aliniuliza kama kijana anakula vizuri. Nilimpelekea Ethuro salamu. Aliitikia kwa kichwa, akawasha pikipiki ya tajiri wake, akaenda.

Siku ile nilimkuta stejini.

"Ejok, mama mdogo!" alinisalimu Kiturkana. "Leo nakubeba bure!"

Nilipomwambia, alizima pikipiki, akakaa chini kwenye vumbi.

Njiani kwenda Lodwar aliniuliza jambo moja tu. "Asubuhi ile angeniambia nini?"

"Angekataa," nikasema. "Lakini angekataa ukiwa umeshiba."

Tulifika alasiri. Lomenen alitaka tuzike kabla ya jua kuzama. Ethuro akasimama mbele yake.

"Mjomba, naomba tungoje asubuhi."

"Leo ndio umejua kungoja?"

Hata hivyo Lomenen alikubali. Chakula kilipoletwa, Ethuro alikula chote.

Asubuhi alifungua zizi mwenyewe, mbuzi wakatoka. Katekista akasali, tukaimba, tukamshusha Akal. Ethuro alitupa udongo wa kwanza kwa mkono, kisha akachukua sepetu, na hakumwachia mtu mpaka kaburi lilipojaa.