Sahihi ya Bi Twaiba

Bi Twaiba, mkunga wa Msambweni, aliwashawishi akina mama wasizike kondo la nyuma, walitoe kwa kampuni ya Diani inayohifadhi chembe hai za kondo hilo kwenye baridi kali. Viongozi wa kampuni walimtia kwenye bodi, wakamwahidi kwamba chembe hizo zitawatibu watoto wa hapa hapa.

Jumatatu, alipofika kwenye kampuni, alikuta matangi ya chembe hizo yanapakiwa kwenye lori.

"Yanakwenda wapi?"

"Ng'ambo, Bi Twaiba," alijibu mkurugenzi, Feisal. "Bodi ilikubali."

"Mimi sikuitwa!"

"Sahihi yako ipo."

Alionyeshwa karatasi. Jina lilikuwa lake, mwandiko haukuwa wake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Hasina, mzazi wa kwanza kumwamini.

"Mwanangu, nilikudanganya bila kujua."

Hasina alimkaribisha kiti, lakini hakumwamkia kama siku zote.