Mjomba Hakushuka Kwenye Reli

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kwa daktari wa macho, akapita njia ya chini ya Mwembe Tayari, ile inayoteremka kuelekea bandarini. Nilikuwa sijapita huko miaka mingi. Nikachungulia dirishani kutafuta reli, nikaona kipande cha urefu wa hatua nne hivi kimezama ndani ya lami, na kilichobaki chote kimefunikwa na nyasi na takataka. Gari halikupunguza hata mwendo. Nikamshika mjukuu wangu mkono.

"Nyanya, kuna nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana kitu. Miaka sabini na zaidi nimekuwa nikisema hapana kitu, mwenzangu, na leo nimechoka.

Nilikulia Kuze, nyumbani kwa nyanya mzaa mama. Mama yangu alikuwa ameolewa mara ya pili akaenda zake Lamu, nami nikaachwa kwa nyanya pamoja na mjomba, ndugu mdogo wa mama. Ilikuwa miaka ya vita, na mjomba hajatimiza hata miaka ishirini na mitatu. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kuchambua mchele na kupepea makaa. Nikiwa hapo jikoni, harufu ya mkate ilinijia kutoka uchochoro wa nyuma, kwa jirani yetu mwokaji, Mhindi Mwislamu aliyekuwa na tanuri la kuni. Mpaka leo sijala mkate ulioshinda ule. Boflo zake, ndiyo mikate yenyewe, zilikuwa ndefu, ngumu kwa nje, ukizivunja zinalia, na ndani mvuke ukikupiga usoni. Nyanya alipenda kuzichovya kwenye mchuzi wa mbaazi, akila polepole kama mtu anayesikiliza habari.

Mjomba ndiye aliyekuwa akimchukulia jirani mikate. Aliipanga kwenye tenga kubwa, akalifunika kwa kitambaa cheupe, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba. Wateja wake walikuwa ng'ambo ya reli, kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa bandari, wengi wao watu wa bara, nao walitaka mkate wao kabla ya king'ora cha saa nane. Alhamisi chuo cha Kurani kilipofungwa mapema, mjomba alinipakia mbele, kwenye chuma, mikono yangu katikati ya usukani. Tulipita vichochoro akipiga kengele, tukapita Marikiti kwenye wachukuzi na maganda ya ndizi, tukatokea Mwembe Tayari, kisha mteremko ukatuchukua wenyewe. Upepo uliingia ndani ya gauni langu. Nilijiona binti wa mfalme.

Mwisho wa mteremko ndipo reli zilipokata njia, tena kwa mshazari. Kati ya chuma na mbao palikuwa na ufa wa kutosha kumeza gurudumu la baiskeli. Lango halikuwapo. Alikuwapo bwana mmoja wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye kofia ya kaki, anakaa kwenye kibanda cha mabati na bendera zake mbili. Watoto tulimwita Bwana Bendera. Kila akituona alisema maneno yale yale: "Bwana mkate, teremka. Sukuma baiskeli."

Nyanya naye alikuwa amemruhusu mjomba kazi ile kwa sharti moja, kwamba akifika kwenye reli ashuke. "Chuma hakijui mwana wa mtu," alikuwa akisema. Aliapa kwamba siku atakayosikia mjomba amepita juu ya baiskeli, atairudisha mwenyewe kwa mwokaji. Lakini mjomba hakushuka hata siku moja. Tenga lilikuwa zito, na ukishuka ukasukuma, lililala upande mmoja na mikate ikamwagika. Basi alikanyaga kwa nguvu akapita, akimpungia Bwana Bendera mkono, nami nikicheka.

Alhamisi moja tulichelewa. Tulipofika chini bendera nyekundu ilikuwa imeshatandazwa. Mjomba aliangalia upande wa stesheni, akaona moshi uko mbali.

"Twawahi," akaniambia.

Gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa. Nilirushwa, nikaangukia viganja kwenye mbao, na nilipoinua uso nikaona gari la moshi linakuja, kubwa, jeusi, likipiga honi ambayo sikuisikia masikioni ila tumboni. Sikuweza kuondoka. Nilikaa pale pale kama niliyepigiliwa misumari. Bwana Bendera alitupa bendera yake, akanikamata kiunoni, akaanguka nami kwenye kokoto. Mjomba aliing'oa baiskeli kwa pumzi ya mwisho. Kamba ikakatika, tenga likabaki. Tukalitazama likisagwa, behewa baada ya behewa, na mikate ikiruka vipande vipande.

Lilipokwisha pita, Bwana Bendera alisimama akajikung'uta vumbi.

"Bwana, huyu ni mtoto wa nani?" akamwuliza mjomba. "Unataka nimpeleke kwa mama yake ndani ya gunia?"

Mjomba alijaribu kucheka, midomo imekauka. "Hapana neno, bwana. Mungu ametusitiri."

Yule bwana akainama kwangu. "Mtoto, ukifika nyumbani sema. Usinyamaze."

Njiani mjomba alinisimamisha kwenye bomba karibu na Marikiti, akaniosha viganja, akaniondoa kokoto moja moja kwa ukucha. "Usimwambie nyanya," akasema. "Akijua, baiskeli yaenda zake, na mimi sina kazi nyingine. Wataka nisioe?"

Alikuwa ameposa binti mmoja wa Kibokoni, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Nilikuwa nimeahidiwa gauni jipya, na nilitaka sana kumwona mjomba amevaa joho. Nyanya aliponiuliza viganja vimefanyani, nikasema nimeanguka chuoni. Akanipaka mafuta ya nazi, akipuliza polepole ili yasiniwashe. Mjomba naye akaenda kumwambia mwokaji kwamba amegongana na mkokoteni.

Haukupita mwezi. Nilikuwa uani nikichekecha unga, jirani yetu mwokaji akaingia bila kubisha hodi, hana viatu, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. "Mama," akamwambia nyanya, "keti kwanza." Nyanya hakuketi. Mjomba alikuwa amenasa kwenye ufa ule ule, na safari hii mguu ndio uliosagwa kwenye reli. Hospitalini waliukatia juu ya goti.

Alipopata fahamu aliulizwa, naye akasema bendera haikuwapo. Hakuna aliyemtilia shaka. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba Bwana Bendera alikuwa amelala, na kesho yake ikawa alikuwa amelewa. Wiki haikwisha, akaachishwa kazi.

Akaja kwetu. Sijui aliuliza njia mara ngapi mpaka akaipata nyumba katika vichochoro vile. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikimenya vitunguu thomu, nikaona viatu vyake vya kazi vimesimama mbele yangu. Kofia ameishika mkononi. Nyanya alikuja nyuma ya mlango, akajifunika.

"Mama, samahani," akasema. "Mimi nilitoa bendera. Nilimwita kwa sauti, hakusikia. Naomba mumwulize kijana aseme kweli. Nina watoto wanne."

"Kawaambie wakubwa wako," nyanya akajibu. "Mwanangu hana mguu, nawe waja kunieleza habari za bendera?"

"Huyu mtoto ananijua. Mwulize huyu mtoto."

Nyanya akaniuliza, "Wamjua bwana huyu?"

Ningesema ndiyo, ningeulizwa wapi. Na baada ya wapi yangefuata yote. Nikainamisha kichwa kwenye vitunguu.

"La," nikasema. "Simjui."

Hakunikasirikia. Nilitamani anikaripie, au aniite mwongo. Alinitazama, akavaa kofia. "Haya, mama. Mungu ampe nafuu kijana," akasema, akaondoka. Waliokuwa wamekaa barazani walimtupia maneno mpaka alipokata kona.

Mahari ya mjomba ilirudishwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Watu wa Kibokoni walisema kwa adabu, wakaleta na sinia la halua, nyanya akalirudisha halijaguswa. Mwokaji akapata mchukuzi mwingine. Mjomba alihamia chumba cha juu, dirisha limefungwa kwa sababu hakutaka kusikia kengele za baiskeli. Mimi ndiye niliyempandishia chakula na kuteremsha vyombo, na mara nyingi niliviteremsha kama nilivyovipandisha.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilimpelekea chai, nikakaa chini karibu na kitanda. Nikamwambia siwezi tena, nataka kumweleza nyanya. Alikisukuma kikombe kando.

"Ukisema, mimi nabaki na nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. "Hivi sasa mimi ni mtu aliyedhulumiwa. Watu wapanda ngazi kunipa pole. Ukisema, ni mjinga aliyejikata mguu mwenyewe. Wataka uninyang'anye na hilo?"

Nikateremka na kikombe, na sikusema.

Homa ilimchukua mjomba mwaka uliofuata, na mwaka haukwisha nyanya naye akafuata. Mpaka siku zake za mwisho, kila baada ya sala, alimwapiza yule bwana aliyemlemaza mwanawe. Nilikaa nyuma yake kwenye mkeka nikiyasikia maapizo yale yakitoka, na kila mara nilijua mwenye kuyastahiki ni nani.

Baada ya arobaini ya nyanya nilivaa buibui nikaenda peke yangu hadi landhi, ng'ambo ya reli, kumtafuta Bwana Bendera. Nilikuta watu wageni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua aliniambia alimkumbuka, mtu mrefu mwenye watoto wanne. Hakupata kazi tena hapa mjini. Alionekana siku kadhaa Mwembe Tayari akibeba mizigo ya watu, kisha akapanda gari na jamaa zake, wakarudi bara. Bara wapi, hakujua. "Bara ni kubwa, dada," akasema, akaendelea kufua.

Landhi zile zimevunjwa sasa. Tanuri la jirani limekuwa duka la simu, na nyumba ya nyanya imeuzwa mara mbili. Kila nikisali huwataja wangu waliotangulia, mjomba kwa jina lake, nyanya kwa jina lake. Nikifika kwa yule bwana hunyamaza. Aliniondoa kwenye reli nikaishi hata nikazeeka, na sisi nyumbani kwetu hatukuwahi kumwuliza anaitwa nani.