Kimia Kilichotufunika Wawili

Nilipokuwa mtoto sikuwahi kukamatwa na polisi, lakini karibu kila mwezi nilikamatwa na kimia. Baba yangu alisuka nyavu na kuuza vifaa vya uvuvi barazani kwetu Kamalondo, wakati mji wetu bado unaitwa Élisabethville. Ukishangaa kwamba mtu auze nyavu katika mji wa migodi usio na ziwa, basi umeuliza alichouliza mama maisha yake yote. Baba alimjibu vilevile kila mara: wavuvi wana maji, lakini uzi unashukia hapa kwa treni.

Ndoano alizipanga kwa ukubwa katika makopo ya sigara. Risasi aliiyeyusha kwenye kopo la sadini, akaitengeneza vipande vidogo vya kuzungushia ukingo wa wavu ili uzame. Kimia chenyewe, ule wavu wa mviringo unaorushwa kwa mkono, alikisuka kwa sindano ya mti na kipande cha mwanzi cha kupimia matundu. Kimoja kilimla wiki tatu, na mgongo pia, kama alivyopenda kutukumbusha.

Sasa, mimi ni pacha. Mimi ni Kyungu na dada yangu ni Kabange, kwa sababu Waluba mapacha wao wote huwaita hivyo. Hakuna aliyejisumbua kututafutia majina. Na wavuvi walikuwa na imani yao: kimia kilichofunika mapacha wote wawili kwa mrusho mmoja hakitoki majini kitupu. Nani aliyeianzisha sijui. Namshuku baba, ingawa wateja waliiamini kuliko yeye.

Kwa hiyo kila kimia kipya kilipokwisha, tulisimama uani bega kwa bega, mteja akitazama. Baba alikikunja begani, akauma ukingo wake kwa meno, akazungusha kiuno na kukiachia. Kilifunguka juu ya vichwa vyetu, duara zima, kisha vile vipande vya risasi vikaanguka chini kutuzunguka. Tulipiga kelele kila mara, ingawa tulishazoea. Siku nyingine kuku naye aliingia, na mteja akafurahi zaidi.

Lakini mapacha wana masharti. Wakipewa, wapewe sawa: vikombe viwili, nguo mbili za kitambaa kimoja, fimbo mbili pia mmoja akikosa adabu. Nkambo, yaani bibi yetu mzaa baba, alituonya tangu tulipoanza kuelewa maneno. "Mapasa habapendi kuonewa," alisema. "Ukipa mumoja, ule mwingine anakasirika, anarudia kule alitoka." Kule alikotoka tulikujua, wadogo zetu wawili walikuwa wamekwenda huko.

Siku ninayoisimulia, Kabange alikuwa na siku tatu za homa. Infirmier, yaani muuguzi wa dispensari, alitoa kinini, akasema mtoto anywe na ale, maana dawa peke yake haitamsimamisha. Kabange aligeukia ukuta na kufunga mdomo. Mama alikuwa ndani naye, mimi nikiwa barazani nachanganya ndoano ndogo na kubwa, ndipo akaingia Mzee Mwansa, mvuvi wa Pweto kule ziwani. Alikuwa amekuja kuchukua kimia alichoagiza kwa safari ya lori iliyopita, na jua lilikuwa la utosini.

"Bale batoto beko wapi?" aliuliza kabla hajakaa. "Kamyo itaniacha."

Baba alikuna kichwa. "Mumoja iko mugonjwa, mzee. Ungojeko siku mbili."

"Siku mbili? Kamyo ya Pweto haingojake muntu. Na bila mapasa, mi sibebe."

Baba alikitazama kile kimia, wiki tatu za mgongo wake. Mimi nikainuka na mdomo wangu, nikamnong'oneza: "Tuite Mariamu. Avale nguo ya Kabange." Mariamu alikuwa binti wa fundi cherehani jirani yetu, watu wa Maniema, kimo kimoja nasi na maneno mengi kama sisi. Mzee Mwansa hakuwahi kutuona. Baba akacheka kicheko kifupi ambacho sikukipenda. "Enda mumwite," alisema. "Mbio!"

Kimia kilitufunika vizuri sana, mimi na Mariamu. Mzee alipiga makofi, akatoa mfukoni bombo mbili, peremende za karatasi nyekundu. "Ya Kyungu, na ya Kabange," alisema, akaenda zake. Mariamu alikula ya Kabange mbele ya macho yangu, nami nikala yangu. Nikisema zilikuwa chungu nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

Muda si mrefu Nkambo alifika kumwona mgonjwa, akamkuta Mariamu akiruka kamba uani na nguo ya mjukuu wake. Aliniuliza swali moja tu nami nikamwaga yote; sijapata kuwa mtunza siri. Hakufoka. Alitua kikapu chake chini.

"Fasi ya pasa habaiazimake, Kyungu," alisema, akimaanisha nafasi ya pacha. "Dada yako atarudia fasi gani sasa, na mwingine iko ndani yake?"

Hapohapo tulimsikia mama akiita kutoka chumbani. Kabange alikuwa ametema dawa, na akiitwa jina haitiki.

Nimeogopa mara nyingi tangu wakati ule. Nimezaa, nimekimbia risasi za bunduki. Sijaogopa tena namna ile. Niliamini kwamba nimemsukuma dada yangu nje ya dunia kwa ajili ya bombo. Nilimvua Mariamu ile nguo kwa nguvu hadi mshono wa bega ukaachia, naye maskini akakimbia kwao akilia.

Baba, aliyezoea kuzitania imani za watu, siku ile hakubishana na mama yake. Alichukua kimia chake mwenyewe cha zamani, alichovulia mtoni Kafubu siku za Jumapili, akaingia chumbani. "Lala pale, Kyungu," aliniambia. Hakukirusha. Alikitandaza polepole juu yetu sote wawili, akishika risasi moja moja ili zisimgonge Kabange, akazipanga sakafuni kuuzunguka mkeka. Mwili wa dada yangu ulikuwa moto kweli.

Nkambo alikuja na bakuli la uji na kijiko kimoja, akauingiza mkono chini ya wavu. Kabange alifunga mdomo. Kijiko kikageukia kwangu. Nilikuwa na njaa, maana chakula cha mchana nilikikimbia kwa kumfuata Mariamu, lakini nami nikafunga wangu.

"Kama yeye hakule, mi pia sikule."

"Bon," alisema Nkambo. "Mutafunga bote babili."

Tulikaa hivyo. Baba alichuchumaa mlangoni, mama akishika miguu ya Kabange. Tumbo langu likaanza kunguruma, na katika kimya kile kila mtu alilisikia. Kijiko kilirudi mara ya pili, mara ya tatu, nikakikataa. Mwishowe nililia, bila sauti, machozi yakiniingia masikioni.

Ndipo Kabange akafungua mdomo. Akameza. Nkambo akanipa kijiko changu, kisha cha Kabange, kisha changu. Kinini nacho kilipofika Kabange alikinywa, nami, kwa kuwa vyote ni sawa, nikadondoshewa tone ulimini. Mpaka leo nikilikumbuka nakunja uso. King'ora cha kiwanda kilipolia kubadilisha zamu, bakuli lilikuwa tupu. Siku ya pili homa ilipungua, na ya nne Kabange alinipiga kofi kwa sababu ya mshono wa nguo yake.

Baba alisuka kimia kingine, akaturushia sisi wenyewe, akakituma Pweto kwa mkono wa dereva wa lori, pamoja na maneno ya kukiri kwamba cha kwanza kilikuwa cha udanganyifu, na kwamba kirudishwe. Jibu la Mzee Mwansa lilikuja na samaki wakavu: vimia vyote viwili vinakamata vizuri, atabaki navyo vyote. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hakurudia tena kuazima mtoto wa mtu.

Wajukuu zangu waliosoma huniuliza kama ninaamini. Nawaambia dawa ilisaidia, na uji ulisaidia. Lakini nani aliufungua ule mdomo? Kwa miaka mingi nilikipa kimia heshima hiyo. Kisha siku moja, tukiwa tayari vikongwe, tukichambua maharagwe jikoni kwake, nilimuuliza Kabange kama aliusikia wavu ukimrudisha. Hakuinua hata macho.

"Wavu gani? Mi sikujua kama kuko wavu. Nilisikia tumbo yako. Nikasema: huyu mujinga atakufa na njaa juu yangu."

Tangu hapo nimeacha kubishana na watu juu ya vimia. Dada yangu alikuwa anaondoka, akarudi kwa sababu mimi nilikuwa na njaa.