Gramafoni ya Springi Moja

Mwaka wa uhuru harusi ziliandamana Kinondo hadi Msambweni, na mume wangu alikuwa na gramafoni ya kukodisha. Sanduku lake lilikuwa la mvule, na ndani mlikuwa na springi mbili nene za chuma. Ukizikaza mara moja kwa ule mkono wa kuzungusha, santuri iliimba upande mzima bila kulegea. Alijivunia kitu kile kuliko alivyojivunia mimi, nalisema wazi.

Lakini mbebaji nilikuwa mimi. Siku ya kumtoa bi harusi, wanawake peke yao hufuatana nyumba hadi nyumba, na mwanamume hapiti uani. Basi yeye alilifikisha sanduku kwa baiskeli mpaka penye ua wa makuti, akaketi nje anywe kahawa, nami nikajitwika lile zigo mchangani alasiri nzima. Mimba yangu ya kwanza ilitoka hivyo, harusini kule Galu, katikati ya vigelegele. Mume wangu akasema ni kudra ya Mungu.

Ya pili ilipofika miezi sita nikamwambia atoe springi moja, na badala ya mvule atie mbao nyepesi za sanduku la majani ya chai. Akakataa. Alisema springi moja haimalizi wimbo, na mbao za chai hazina sauti. Nikamjibu kwamba wimbo ukikatika hurudiwa. Akanizaba kofi. Nikamtupia mchi, ukamkosa ukavunja mtungi.

Ijumaa alipokwenda msikitini nikaifungua mwenyewe kwa kisu cha samaki. Jamani, sikujua springi hukaa imejikunja kwa nguvu zile. Kifuniko kilipoachia tu, iliruka ikanichana mkono toka kiwiko hadi kiganja. Nikaufunga kwa kanga, nikapigilia mbao za chai huku damu inadondokea misumari. Maumivu sikuyasikia, nilikuwa na ghadhabu tu.

Aliporudi akaliona sanduku jipya, akavua mkanda. Alinipiga mgongoni, mara ya tatu ukanipata ubavuni, karibu na tumbo. Hapo nikaushika ule mkono wa chuma wa kuzungushia gramafoni nikampiga begani kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulilia. Majirani wakambeba hadi hospitali, na mimi sikumfuata.

Jumapili nilikwenda harusini Ukunda peke yangu, sanduku kwapani. Wimbo ulikatika katikati, wanawake wakazomea. Somo wa bi harusi, yule anayemfunda, akanivuta ushungi akaniita mwizi wa starehe za watu. Nikamsukuma akaanguka juu ya sinia la pilau, kisha nikazungusha tena, wimbo ukaendelea. Ulikatika mara nyingi. Nilirudi nyumbani na tumbo langu zima, alhamdulillahi.

Mume wangu alitoka hospitali mkono umefungwa shingoni. Nilimpa chai. Kisha mtoto akacheza tumboni, nikauchukua mkono wake mzima nikauweka pale.

“Na yule wa kwanza,” akauliza, “alikuwa akicheza hivi?”

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa akicheza mpaka tulipofika Galu.